Mrututu, Dawa Isiyotoka Ardhini

Mrututu, lile jiwe la samawati ambalo wazee wa pwani walikuwa wakilisaga na kulitia katika vidonda sugu, ni chumvi ya shaba. Na ijapokuwa yapendeza machoni, ni sumu iuayo kuvu, samaki na viumbe wa udongoni.

Sifa yake katika kilimo ilianzia Ufaransa, katika nchi ya Médoc, ambako wenye mizabibu ya kandokando ya njia waliinyunyizia mrututu uliochanganywa na chokaa, si kwa tiba, bali ili wapita njia, waonapo majani yamechafuka rangi, waogope kuiba zabibu. Mwaka 1882 mwanachuoni Millardet alitambua ya kuwa mizabibu hiyo ndiyo iliyosalimika na ukungu uliokuwa ukiteketeza mingine, na mwaka 1885 akautangaza mchanganyiko huo. Huku kwetu, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro na nyanda za juu za Kenya wamezitegemea dawa za shaba miaka mingi dhidi ya kutu ya majani na chulebuni, maradhi yawezayo kuangamiza sehemu kubwa ya mavuno. Wala sioni haki kumlaumu mtu aliyekuwa akiitetea riziki ya wanawe.

Lakini shaba haiozi, wala haigeuki kuwa kitu kingine. Mvua ikiiosha majanini huanguka chini ya mti, ikashikamana na mboji katika tabaka ya juu ya udongo, na hapo hukaa, ya mwaka huu juu ya ile ya mwaka jana, hata mashamba ya kale ya mizabibu ya Ulaya yamekutwa na shaba mara kadhaa ya kiasi cha asili. Taabu huanza kwa nyungunyungu, ambaye huula udongo huo huo na kuupitisha tumboni: uzazi wake hupungua, kisha huhama au hufa, na akiondoka yeye, majani makavu hukawia kuoza, vijia vya maji na hewa huziba, na ardhi hugandamana. Kondoo naye, ambaye ini lake ni dhaifu katika kuitoa shaba, huweza kufa kwa kula nyasi zilizorushiwa dawa.

Tangu 2019 Umoja wa Ulaya umeweka mpaka wa kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7. Kwangu mimi, iliyo bora ni njia ya watafiti wa Kenya, ambao mwaka 1985 walitoa kahawa ya Ruiru 11, istahimiliyo chulebuni na kutu kwa maumbile yake, na kumpunguzia mkulima haja ya kunyunyiza. Ama shamba lililokwisha kulemewa, hutiwa chokaa na samadi, ambazo haziiondoi shaba, ila huifunga isiidhuru mizizi.