Nyuzi zilezile, joto tofauti

Kiyoyozi kimewekwa nyuzi 22. Bosi aliyevaa suti anaona hali ni shwari; karani mwenye gauni jepesi, meza ya pili, amejitanda mtandio mabegani na vidole vimemkakamaa. Wote wawili wanasema kweli.

Ngozi haisomi joto la hewa peke yake. Huhisi jinsi mwili unavyopoteza au kupokea joto, na hilo hutegemea mambo sita: joto la hewa, joto la kuta na paa, mwendo wa upepo, unyevunyevu, nguo, na kazi anayoifanya mtu. Ingia saa nane mchana kwenye chumba chenye paa la bati lisilo na dari. Hata ukifungua madirisha yote hadi hewa ya ndani ilingane na ya nje, bado utahisi utosi unaungua, kwa sababu bati lililochomwa na jua linakumiminia mionzi ya joto. Piga dari, na nafuu utaiona mara moja. Pangaboi nalo halipoozi hewa; linakausha jasho. Kuliacha likizunguka chumba kitupu ni kuchoma umeme bure.

Mwaka 1970, mtaalamu wa Denmark, P. O. Fanger, aliyaunganisha mambo hayo sita katika hesabu moja, kwa kipimo kinachoanzia -3, baridi kali, hadi +3, joto kali. Hesabu yake ilionyesha kwamba hata chumba kikiwa kwenye sifuri kamili ya kipimo hicho, watu 5 kati ya 100 hawataridhika. Lakini aliowategemea zaidi walikuwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Denmark, waliokaa kwenye vyumba vya majaribio.

Watafiti Richard de Dear na Gail Brager walikusanya majibu yapatayo 21,000 ya watu waliokuwa kwenye majengo yao ya kila siku. Matokeo ya mwaka 1998 yalionyesha kwamba anayeweza kufungua dirisha hulizoea joto la kwao. Kwa kanuni yao, mwezi ambao wastani wa joto la nje ni nyuzi 28, watu 80 kati ya 100 wataridhika ndani kukiwa na nyuzi 23 hadi 30. Ndiyo maana naona ni kosa kubwa kujenga Dar es Salaam ghorofa la vioo lisilo na hata dirisha moja la kufunguka, kisha kuwagandisha watu humo kwa umeme wa gharama.

Ila wazee tuwaangalie kwa jicho jingine. Umri ukienda, hisia ya joto, jasho na kiu hupungua, hivyo bibi anaweza kukuambia yuko sawa huku mwili wake umeshaanza kuelemewa. Msogeze penye upepo na umpe maji hata kama hajayaomba.