WITCH: jina la mchawi, na muziki je?

Wanafunzi wengi wametuuliza: inafaa mwanafunzi wa hapa asikilize kikundi kinachoitwa WITCH, maana yake mchawi? Tujibu.

WITCH walikuwa vijana wa Kitwe, Zambia, si mbali na mpaka wetu wa Katanga. Katika miaka ya 1970 walipiga roki kwa gitaa za umeme, muziki ambao leo unaitwa Zamrock. Sahani yao ya kwanza, «Introduction», hawakungoja kampuni kubwa: waliitoa kwa makuta yao, wakaiuza wenyewe pale walipopiga.

Kisha bei ya shaba ilianguka, makuta ikapotea, na baadaye UKIMWI ukachukua karibu wapigaji wote wa kwanza. Mwimbaji wao, Emanuel Chanda, anayeitwa Jagari, akaenda kuchimba mawe ya bei.

Lakini alirudi pamoja na wapigaji wapya. Mwaka 2023 walitoa «Zango», iliyorekodiwa Lusaka, na mwaka 2025 «Sogolo». Katika «Zango» sikilizeni vile gitaa inanguruma kama mashini ya mgodi, na ngoma chini yake inabaki ya nyumbani. Sampa the Great, binti wa Zambia, anaimba humo pia.

Juu ya jina, sisi tunasema hivi: kwanza tusikie maneno ya wimbo, halafu tuhukumu. Asiyejua Kiingereza amwombe mwalimu amfasirie. Na ninyi wa gitaa za kwaya, msingoje mtu wa mbali aje kuwarekodi. Muanze na ile mko nayo.