AKIBA YA VIPANDE VYA PROGRAMU

Wahenga walisema akiba haiozi. Nami, kwa heshima yao, nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu kwamba iko akiba moja ambayo huoza isipotunzwa, nayo ni akiba ya vipande vya programu.

Yamkini wazazi wengine watauliza, programu ni kitu gani? Ni orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya jingine. Maagizo mengine hurudiwa katika kazi nyingi, mathalani kupanga majina kwa alfabeti au kutafuta wastani. Kwa hiyo mtu akishatunga kipande kizuri hukiweka, ili kesho asianze upya. Sisi wa chama cha kompyuta kila mmoja ana daftari lake la vipande hivyo.

Desturi hii si ngeni. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kompyuta iitwayo EDSAC ilianza kazi mwezi wa Mei 1949. Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill waliona kwamba si lazima kila mtu atunge upya maagizo yale yale na kukosea makosa yale yale. Basi wakafanya maktaba ya vipande, vilivyotobolewa katika tepe za karatasi. Aliyehitaji kipande alikinakili ndani ya utepe wa kazi yake. Vilipangwa kwa herufi: P kwa kuchapa, R kwa kusoma, T kwa trigonometria. Tena kila kipande kiliandikiwa maelezo: kinafanya nini, kinachukua nafasi gani, na kinatumia muda gani. Mwaka 1951 walitoa kitabu juu ya kazi hiyo.

Maelezo hayo ndiyo niliyoyadharau mimi. Mwaka jana tuliombwa tutengeneze programu ya wastani wa alama za Kidato cha Pili. Nilifungua daftari langu, nikanakili kipande cha zamani, na kazi ikaisha kwa dakika tano. Nikasifiwa, nikavimba kichwa. Kumbe kipande kile kiligawanya jumla kwa 9 siku zote, kwa kuwa nilikitunga kwa wanafunzi wa masomo tisa. Mwenzangu mmoja alikuwa na masomo manane. Jumla yake ilikuwa 384, na wastani wake wa haki ni 48. Programu yangu ikampa 43. Mkondo wa sayansi ulitaka 45. Jina lake likakatwa, naye hakula chakula cha jioni siku ile.

Mwalimu wetu wa Hesabu alikagua kwa kalamu ya risasi, akaniita. "Mwanangu," alisema, "hesabu yako ni sahihi, lakini si ya mtoto huyu."

Baadaye nilisoma kwamba hata wakubwa wamepatwa na jambo hili. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, katika Guiana ya Ufaransa. Sehemu ya programu yake ilitoka katika Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri. Lakini roketi mpya ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi, na namba yake ikashindwa kuenea katika nafasi iliyotengwa, isiyopokea zaidi ya 32,767. Kompyuta za kuongoza zikazima, roketi ikapinda njia, na hata dakika moja haijatimia ikapasuka angani pamoja na satelaiti nne. Bahati njema hapakuwa na mtu ndani.

Basi, wenzangu, kila mwekapo kipande, andikeni mambo manne: kinafanya nini, kinataka kupewa nini, kinashindwa wapi, na kimetoka kwa nani, kwa maana kazi ya mtu haichukuliwi bila idhini. Kisha kijaribuni kwa mambo yasiyo ya kawaida: mwanafunzi asiyefanya mtihani, alama ya sifuri, jina lililoachwa wazi.

Kipande kisicho na maelezo ni kama chupa ya dawa isiyo na karatasi: yaweza kuponya, yaweza kudhuru. Mwenzangu yule alirudishiwa jina lake, na leo yumo katika mkondo wa sayansi. Daftari langu jipya hulikagua yeye.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu