Mashine ya Chai Nayo Iwe na Zamu Yake

Mkulima wa skimu, zamu ya kuchuma chai yako waijua vema. Zikipita siku 7 hadi 14 unarudi mstari ule ule, kwa kuwa ukichelewa jani hukomaa na karani wa kituo hulikataa. Kupogoa nako wakujua, kila miaka 3 au 4. Je, mashine ya kuchumia, bomba la kupulizia dawa na kisu cha kupogolea, zamu zake umeziandika wapi?

Wengi hungoja mpaka chombo kigome. Nacho hugoma Aprili au Mei, mvua zikizidi Kericho na Bomet na majani yakiwa mengi, wakati fundi wa Litein au Sotik amezungukwa na watu. Januari na Februari, jua likiwa kali na majani machache, fundi huyo huyo ana nafasi. Matengenezo makubwa yaweke hapo.

Chukua daftari. Kila chombo kipe ukurasa wake: siku kiliponunuliwa, kazi ya kukifanyia, ilifanywa lini, itarudiwa lini, na nani aliifanya. Ikiwa mashine ni ya kikundi, jina hilo la mwisho litawaepusha na ugomvi mwingi. Siku ya kuchuma kila mtu ni mwenyewe. Siku ya kusafisha haina mwenyewe!

Sasa angalia, maana hapa ndipo watu hukosea. Kazi nyingine hufuata saa ambazo mashine imekata. Mashine nyingi za kuchumia hutumia petroli iliyochanganywa na oili. Chujio la hewa lisafishwe kila siku ya kazi, plagi itazamwe, na grisi itiwe kwenye gia kila zitimiapo saa zilizotajwa katika kitabu cha mtengenezaji. Kwa hivyo andika saa kila jioni. Mashine iliyolala wiki tatu haidai grisi kwa sababu tu mwezi umekwisha. Na ukichelewa saa 10 kutia grisi, hesabu mpya ianze pale ulipotia, si pale ulipopaswa kutia.

Kazi nyingine hufuata tarehe, mashine ifanye kazi isifanye. Mchanganyiko wa petroli ukikaa zaidi ya mwezi huharibika na kuziba kabureta. Kama hutachuma kwa mashine karibuni, mwaga tangi sasa. Ukaguzi wa mizani nao una tarehe yake: ukichelewa mwaka huu, usiusogeze mwaka ujao. Bomba la dawa halingoji tarehe wala saa. Lioshwe kila likitumika, na la kuulia magugu lisitiwe mbolea ya majani.

Mwenye simu ya kisasa aandike tarehe katika kalenda yake na kuiagiza ijirudie. Itamlilia asubuhi yenyewe. Ziko pia programu za kompyuta zinazounganisha zamu hizi na hesabu ya stoo. Ni vyombo vizuri, ila simu haijui mashine imekata saa ngapi mpaka wewe uiambie.

Kwa habari ya stoo, weka plagi moja na chujio moja la akiba. Siku ukitoa plagi, andika imetoka, na ununue nyingine siku ya soko inayofuata, si siku ile mashine itakapozimika katikati ya shamba nawe una gunia nusu, na lori la kiwanda limekwisha fika kituoni.