Kwa nini pampu ya maji hujizima? Fahamu aina mbili za mifumo ya kudhibiti

Umewahi kufika bombani na ndoo yako ukakuta pampu ya sola imenyamaza ilhali jua linawaka? Si lazima iwe imeharibika. Huenda imezimwa na mfumo unaoidhibiti. Mifumo hiyo ni ya aina kuu mbili.

1. Mfumo usio na mrejesho
Huu hufuata amri tu, hauangalii matokeo. Mfano ni pampu inayowashwa na kuzimwa kwa saa maalumu. Muda ukifika husukuma maji hata kama tangi limejaa, nayo humwagika. Muda ukiisha huzimika hata kama tangi liko nusu.

2. Mfumo wenye mrejesho
Huu hupima matokeo, kisha hujirekebisha. Ndani ya tangi huwekwa boya lenye swichi. Maji yakijaa, boya hupanda na pampu huzimika. Yakishuka, huwaka tena. Kisimani pia huweza kuwekwa kifaa kinachozima pampu maji yakipungua, ili isizunguke pakavu ikaungua.

Mrejesho huweza pia kufanywa na mtu. Mhudumu hupima klorini bombani. Akikuta iko chini ya miligramu 0.2 kwa lita, huongeza dawa kwenye tangi.

Tafadhali usikate waya wala kufunga boya kwa kamba ili pampu isizimike. Pampu ikiungua, sote tutakosa maji. Ukiona tangi linafurika au bomba limekauka, iarifu kamati ya maji mapema.