Hatari Iliyojificha Chini ya Theluji

Jioni ya tarehe 4 Februari 2020, karibu na mji wa Bahçesaray, mkoani Van, mashariki ya Uturuki, theluji iliporomoka kutoka mlimani ikafukia basi dogo la abiria. Watu watano walifariki. Siku ya pili, mamia ya waokoaji wakiwa wangali wanachimba, poromoko jingine likateremka na kuwafunika wao. Jumla ya waliofariki ilizidi 40, na wengi wao ni wale waliokwenda kuokoa.

Yawaje mlima uliokwisha kumwaga theluji umwage tena? Jibu limo katika namna theluji inavyojipanga. Kila inapoanguka huacha tabaka jipya juu ya lile la zamani, na matabaka hayo si lazima yashikamane. Baridi kali ikidumu, chembe za tabaka fulani huwa kubwa na kavu mithili ya sukari. Kisha upepo hurundika juu yake theluji nzito, ngumu kama ubao. Kwa macho mlima ni mtulivu. Ndani yake, ubao huo umelalia chembe zisizoshikana. Uzito wa mtu mmoja watosha kuupasua, na mteremko mzima ukang'oka. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo ya kuogopwa zaidi. Tena, sehemu moja ikishaporomoka, ya jirani yaweza kuwa ingali imebeba mzigo wake.

Ndugu msomaji, wapo vijana wetu walioko masomoni na kazini katika nchi za baridi, na maji usiyoyafika hujui wingi wake. Katika nchi nyingi za milima hutolewa taarifa ya hatari yenye madaraja matano. Daraja la nne na la tano huwatisha watu wakabaki majumbani. La tatu hudhaniwa kuwa la wastani, na siku zake ndizo zenye vifo vingi.

Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 mara nyingi huishi. Ikipita nusu saa, matumaini hupungua sana kwa kukosa hewa. Kwa hivyo mwokozi wake wa kwanza ni mwenzake waliyefuatana naye, akiwa na koleo, fimbo ndefu ya kupimia na kifaa cha kunasa mawimbi ya redio. Lakini kabla hajaanza kuchimba, na atazame kwanza mlima ulio juu yake.