Ukienda Mombasa na gari la stima, uliza chaja kwanza ndipo ukanyage

Nilitoroka chuo nikidhani nimeachana na hesabu. Zikanipata kwenye barabara ya Mombasa.

Mjomba alikuwa anazikwa Voi saa saba mchana. Nikaazima gari la stima la binamu yangu, chaji imejaa, mama kaketi kando yangu. Kila barabara ilipofunguka, nilikanyaga hadi 100. Gari la stima halina kelele, kwa hivyo husikii kama unakimbia. Lakini betri inasikia. Tukikaribia Mtito Andei, skrini ikaniambia nimebakisha kilomita 60. Voi bado ilikuwa kama 100 mbele.

Tulichomeka kwenye soketi ya gesti moja, ile ile ya kuchajia simu. Saa nne nzima. Tulipofika Voi, watu walikuwa wanakula na kaburi lishafunikwa. Mama hakunigombeza. Alinyamaza tu, na wewe unajua mama akinyamaza inakuwaje.

Sasa sikiza, nisikuone wewe pia Mtito Andei.

Adui yako ni upepo. Ukitoka 80 hadi 100, umeongeza kasi kwa robo tu, lakini upepo unaokusukuma nyuma unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Stima ya kupambana nao inatoka kwenye betri.

Tupige hesabu ya mfano. Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480. Tuseme gari lako linakula uniti 14 kwa kila kilomita 100 ukienda 80, na uniti 18 ukienda 100. Uniti ni zile zile unazonunua kwa tokeni. Betri inabeba 60, na hutaki kufika na chini ya 6, kwa hivyo una 54 za kutumia.

Kwa 80 unahitaji uniti 67, yaani uongeze 13 njiani. Kwa 100 unahitaji 86, uongeze 32.

Ukikuta chaja ya ukutani ya kilowati 7, yule wa 80 atafika kwa saa 7 na dakika 51, akijumlisha kuchaji. Yule wa mbio? Saa 9 na dakika 22! Amekimbia akaokoa saa moja na ushee, kisha akaenda kukaa saa nne na nusu akitazama waya.

Lakini ukipata chaja ya kilowati 50, mambo yanageuka. Wa 80 anatumia saa 6 na dakika 16, wa 100 anatumia saa 5 na dakika 26. Hapo mbio zinalipa.

Kwa hivyo wasee, usiulize gari linaweza kwenda kasi gani. Uliza chaja iliyo mbele yako ina kasi gani. Piga simu kabla hujatoka nyumbani, uhakikishe inafanya kazi. Kama ni ya polepole, au hakuna, nenda polepole. Kama ni ya kasi, nenda na mwendo ambao sheria inaruhusu, na ikifika asilimia 80 chomoa, maana kuanzia hapo stima huingia kwa kudondoka.

Na usipige hesabu ya kurudi kwa ile ya kwenda. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kuupandisha mkoko wa tani mbili huko juu kunakula uniti 9 hivi, zinazotosha zaidi ya kilomita 50 za tambarare.

Desemba tulirudi Voi kuona kaburi. Nilishikilia 80, magari yakitupita kama tumesimama. Mama akaniuliza, "Leo tutafika?"

Nikamwambia tutafika. Tukafika, na chaji ikabaki.